Mwisho uliokosa safari

Mhariri, wiki hii mmeuliza ni tamthilia gani ndefu iliyotuudhi mwishoni, na kama kosa ni la waandishi au ni letu tuliotarajia makubwa mno. Yangu ni Game of Thrones, tamthilia ya Kimarekani ya koo zinazogombea ufalme kwenye dunia ya kubuni yenye majoka, na kosa ni la waandishi. Najaza watu muvi kwenye flashi hapa Mwanjelwa, Mbeya, kwa hiyo lawama za ile sizoni ya nane, Mei 2019, nilizipokea mimi. Kaka mmoja alirudi amefura, akidai nimempunja: "Sehemu sita tu? Zingine umeziweka wapi?" Ikabidi nimfungulie kompyuta ajionee.

Wengi walinuna kwa yaliyotokea: Daenerys, malkia mwenye majoka, kuuchoma mji uliokwisha kupiga kengele za kusalimu amri, na Bran, kijana aliyepooza miguu, kupewa ufalme. Mimi na hayo sina ugomvi. Daenerys aliwasulubu mabwana wa watumwa wa mji wa Meereen tangu sizoni ya nne, nasi tukamshangilia. Sizoni ya saba akawachoma kina Tarly, baba na mwana, kwa kukataa kumpigia magoti. Moto ule ulikuwa unakuja tu. Kinachoniuma ni haraka iliyotufikisha pale.

Hebu hesabuni. Sizoni sita za mwanzo zilikuwa na sehemu 10 kila moja. Ya saba ikabaki na 7, ya nane 6. (Ndiyo, zipo zilizofika kama saa moja na dakika ishirini, lakini muda huo ulimezwa na vita.) HBO, kituo cha televisheni kilichoirusha, walikuwa tayari kutoa nafasi zaidi, ila waandishi wakuu, David Benioff na D. B. Weiss, wakaona inatosha. Vitabu vya George R. R. Martin walivyokuwa wakivifuata vilikuwa vimewaishia: cha tano kilitoka 2011, mwaka ule ule tamthilia ilipoanza, na cha sita hakikuwahi kuwafikia.

Zamani safari ndiyo iliyokuwa hadithi. Mfalme Robert anaporudi kusini kutoka Winterfell, ngome ya kina Bran kule kaskazini, ni njiani Arya, dada yake Bran, anagombana na Joffrey, mrithi wa mfalme, na mbwa mwitu asiye na hatia wa Sansa, dada yao mwingine, anauawa. Askari Jaime na Brienne, mwanamke shujaa aliyekuwa anamsindikiza, walizunguka wee, mkono wa Jaime ukakatwa humo humo njiani, na bila mateso yale nani angemhurumia mtu aliyemsukuma Bran dirishani akiwa mtoto? Ndivyo safari zilivyo: ukikaa kiti kimoja na mtu kwenye basi kutoka Mbeya kwenda Dar, mpaka mnamaliza kushuka mlima Kitonga umeshayajua hata madeni yake.

Sizoni ya saba kunguru anatumwa kutoka kaskazini kabisa, anafika Dragonstone, kisiwa cha Daenerys kule mbali, Daenerys anakuja na majoka yake, na waliomwita bado wamesimama pale pale kwenye barafu! Ya nane ndiyo ikawa balaa. Jaime, aliyebadilika mbele ya macho yetu kwa miaka, anapanda farasi kumrudia Cersei, malkia katili ambaye ni pacha wake na mpenzi wake. Njiani hatumwoni, tunaambiwa tu ameshakamatwa, na muda si mrefu anafunikwa na matofali. Halafu Tyrion, mdogo wake Jaime, anauliza ni nani mwenye hadithi nzuri kuliko Bran, ndipo Bran anapewa ufalme. Sizoni nzima ya tano Bran hakuonekana hata mara moja! Nilicheka peke yangu dukani.

Giza la picha kwenye vita vya Winterfell nitalipita haraka. Kwenye kibanda cha jirani yangu watu walikuwa wanatazama sura zao wenyewe kwenye kioo cha tivii.

Watu zaidi ya milioni moja walisaini mtandaoni wakitaka sizoni ile itengenezwe upya. Mimi sikusaini, na Emmy, tuzo kubwa ya televisheni Marekani, ya tamthilia bora ya mwaka 2019 walichukua hao hao. Wateja wangu nao waliapa hawataki tena kusikia habari za majoka. Mwaka 2022 House of the Dragon, tamthilia ya mababu wa Daenerys, ilipoanza, yule kaka wa "zingine umeziweka wapi" alikuwa wa kwanza kuleta flashi. Akaniuliza kama ni nzuri, nikamjibu kwamba mpaka sasa hawana haraka.