Re: Wimbi la nanomita 3 kwenye vipimo vya leza

Mkuu, umeuliza kuhusu wimbi la nanomita (nm) 3 kwenye interferomita yako, kifaa kinachopima kwa leza mwendo wa kioo kilicho kwenye meza. Wimbi hilo linalojirudia kila nm 316 huku meza ikitembea vizuri si mtikisiko. Kwa leza ya heliamu-neoni (nm 632.8), kioo kikisogea nm 316.4 mwanga unakamilisha mzunguko mmoja, kwa hiyo kosa limo kwenye ishara zako mbili za mwanga, X na Y, zinazopaswa kupishana kwa pembe ya 90°. Zichore X kwa Y, utaona duaradufu iliyohama badala ya duara lenye kitovu kwenye sifuri. Wimbi moja kwa mzunguko maana yake kitovu kimehama. Kuhama kwa asilimia 6 tu ya ukubwa wa ishara kunatosha kuleta hizo nm 3. Mawimbi yangekuwa mawili kwa mzunguko, ningeshuku ukubwa usiolingana wa ishara hizo au pembe kati yao isiyo 90°.

Tumia sahihisho la Heydemann (1981): toa kitovu, gawanya kila ishara kwa ukubwa wake, kisha y' = (y − x·sin α)/cos α (α ni kiasi ambacho pembe imekosea 90°), ndipo utumie atan2, kanuni ya kompyuta inayotoa pembe kutoka x na y'. Duaradufu itafute kwa data ya mizunguko kadhaa kamili. Kipande cha tao kinatoa namba za uongo, na wengi huharibia hapo hapo.

Ukisoma mara 100,000 kwa sekunde, kasi ya meza isifike 15.8 mm/s; ukizidisha, hesabu inaruka nm 316 kimyakimya.