Re: Kampuni ya umeme inamnunuaje mdhibiti anayeteuliwa na gavana?

Mkuu, umeuliza kampuni ya umeme Marekani inapata wapi mwanya wa rushwa ilhali mdhibiti wa jimbo anateuliwa na gavana. Mwanya upo kabla ya uteuzi. Angalia Ohio.

Mwanzoni mwa 2019 FirstEnergy, kampuni ya umeme ya jimbo hilo, ililipa dola milioni 4.3 kwa kampuni ya Sam Randazzo, wakili aliyekuwa mshauri wake. Wiki chache baadaye gavana akamteua kuwa mwenyekiti wa tume ya huduma za umma, ile inayopanga bei ya umeme. Kwenye karatasi yalikuwa malipo ya ushauri tu! Novemba mwaka huohuo tume ikaifutia FirstEnergy sharti la kukaguliwa upya bei zake 2024, ukaguzi ambao ungeweza kuipunguzia mapato.

Upande wa bunge la jimbo nako dola milioni 60 hivi zilipita kwenye taasisi isiyolazimika kutaja wafadhili wake, ili ipite sheria ya kuokoa vinu viwili vya nyuklia kwa pesa za wateja. Spika wa bunge hilo, Larry Householder, alihukumiwa kifungo cha miaka 20. Mwaka 2021 FirstEnergy ilikiri rushwa hiyo na kukubali faini ya dola milioni 230. Randazzo alikana mashtaka, akafariki 2024 kabla ya kesi yake kusikilizwa.

Kwa hiyo mimi nisingehangaika sana na nani anateua. Ningedai orodha ya waliomlipa mteuliwa miaka mitano iliyopita, iwekwe hadharani kabla hajaapishwa.