Mstari wa methani umeshuka, je kijiji chetu kinadai hela?

SWALI: Habari mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji huku Liwale. Kuna jamaa wa kampuni katuonyesha grafu ya methani inayotokana na mabadiliko ya matumizi ya ardhi Tanzania kuanzia 1990. Mwanzo mstari umenyooka, mbele unapanda na kushuka kama meno ya msumeno, miaka ya mwisho umeshuka. Anasema umeshuka kwa sababu ya misitu ya vijiji kama yetu, miti inanyonya methani, kwa hiyo tuna hela yetu inatusubiri, tusaini mkataba wa miaka 40 na tutoe laki tano ya usajili. Ni kweli?

JIBU: Katibu, salama, ila msisaini kitu bado. Hizi grafu nimekutana nazo vijijini mpaka nimechoka, kila dalali ana yake kwenye simu na hakuna hata mmoja anayejua ule mstari unapima nini.

Miti inanyonya hewa ukaa, hiyo ndo kazi yake. Methani ni gesi nyingine inayopasha dunia joto, na hiyo ni habari nyingine. Udongo mkavu wa msituni una bakteria wanaokula methani kidogo, sawa, ila kwenye ripoti za nchi hicho hakiandikwi. Kinachoandikwa upande wa ardhi kwa nchi kama yetu ni methani ya moto wa porini, miti na nyasi zikiungua kwa kufukafuka bila hewa ya kutosha, na kwa nchi zinazopima, ile ya ardhi iliyofunikwa na maji. Kukata mti peke yake hakutoi methani ya maana. Tufanye hesabu ya juu juu, hekta moja ya miombo yenye tani 40 za miti ikaushwe na ichomwe yote, unapata kama tani 69 za hewa ukaa na methani kama kilo 270 tu, na hizo kilo hata ukizizidisha kwa 28 (ndo kizidishio cha nguvu yake ya kupasha joto kwa miaka 100, ukilinganisha na hewa ukaa) unafika sawa na tani saba na nusu hivi za hewa ukaa. Yaani hata hekta ikiteketea yote, methani ni kama moja ya tisa ya hewa ukaa, sasa mtu anayewauzia methani kaacha ng'ombe anawauzia kwato.

Sasa huo mstari wenyewe. Pale mwanzo uliponyooka, tusidhani miaka ya tisini moto ulikuwa unawaka sawasawa kila mwaka! Kuna hifadhidata zinachukua wastani wa miaka ya mbele na kuujaza nyuma, kwa sababu setilaiti tunazozitegemea kuhesabu maeneo yaliyoungua zilianza kazi vizuri baada ya 2000. Meno ya msumeno ni mvua: mvua zikiwa nzuri nyasi zinajaa, kiangazi kikija zinawaka. Na ukiona kigrafu kimepanda ghafla muulize mwenyewe katumia kizidishio gani, maana zamani methani ilizidishwa kwa 21, baadaye 25, siku hizi 28, yaani gesi ileile, tani zilezile, mstari umepanda theluthi nzima na hakuna aliyewasha hata kiberiti.

Kushuka kwa mwisho ndo kunaniudhi zaidi, kwa sababu jamaa kakugeuza kichwa chini. Watafiti waliopima kwa setilaiti waliona eneo linaloungua duniani limepungua karibu robo kati ya 1998 na 2015, na sehemu kubwa ya upungufu huo ni mbuga na mapori, Afrika ikiwemo. Sababu? Mashamba. Pori likikatwakatwa na mashamba, barabara na njia za ng'ombe, moto unakosa pa kupita. Kwa hiyo mstari wa methani unaweza kushuka KWA SABABU pori limeisha, na hapa kwetu makadirio ya serikali yenyewe ni kwamba kati ya 2002 na 2013 tulipoteza wastani wa hekta 469,420 za msitu kila mwaka. Mtu akuonyeshe mstari unashuka akwambie misitu imepona, huyo ama hajui ama anajua sana.

Na vitu vingi havimo kabisa kwenye huo mstari. Mpunga wa Kilombero na Mbarali unahesabiwa kwenye kilimo, ng'ombe hukohuko, moshi wa tanuri la mkaa unaingia nishati. Mnaweza kugeuza bonde lote kuwa majaruba na mstari usitikisike. Bwawa la Nyerere pale Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022, majani na mizizi iliyobaki chini inaoza bila hewa, hayo ni mabadiliko ya matumizi ya ardhi yenye methani ya kweli, muulize kwenye grafu yake yapo wapi.

Sisemi hela ya methani haipo duniani. Kaskazini mwa Australia wenyeji asilia wanalipwa kwa kuchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, ili moto mkali wa mwisho wa kiangazi usipate cha kula, kama mnavyochoma nyie Mei na Juni kuepuka moto wa Septemba na Oktoba. Ila pale Arnhem Land Magharibi walipima moto wa miaka kumi nyuma, 1995 hadi 2004, wa eneo lao wenyewe, ndo wakaanza kulinganisha nao. Mstari wa nchi nzima hauwezi kulipa kijiji kimoja hata siku moja, hata ungekuwa sahihi, kwa sababu haujui Liwale iko wapi. Na vile vijiji nane vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi mnavyovisikia vinapokea mabilioni, vinalipwa kwa hewa ukaa ya msitu ambao haukukatwa.

Biashara hiyo ya kulipwa kwa gesi ambayo haikutoka, inayoitwa biashara ya kaboni, ina kanuni zake tangu 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Andikeni barua kupitia halmashauri muulize kama mradi wa huyo bwana unajulikana, halafu mwambieni awaletee ramani ya msitu WENU na hesabu ya moto wa miaka kumi ndani ya mipaka yake. Hiyo laki tano aikate kwenye malipo ya kwanza ya methani yakishaingia.