Mapigo yanapoachana katikati ya wimbo

SWALI: Mimi ni DJ wa sherehe mjini Morogoro. Nikichanganya Bongo Fleva na nyimbo za zamani za dansi kwa kitufe cha SYNC (kinacholinganisha kasi za nyimbo mbili), mapigo hukaa pamoja mwanzoni, kisha baada ya nusu dakika huachana, ingawa kompyuta inaonyesha kasi ileile. Aliyeniuzia kontrola, yaani meza ya vitufe na magurudumu ya kuendeshea programu ya udijei, anasema ninunue iliyo ghali zaidi. Nifanye nini?

JIBU: Usinunue chochote. Swali hili huletwa kwangu mara kwa mara, na karibu kila anayeuliza ameshaambiwa na mwenye duka kwamba chombo chake ndicho kibovu. Programu inapouchambua wimbo, kwa kawaida huutafutia kasi moja, kisha huchora gridi ya mistari ya kuonyesha mapigo, iliyoachana kwa nafasi sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Bongo Fleva hutengenezwa kwenye kompyuta, kwa hiyo gridi hiyo huikaa. Bendi za dansi zilirekodi wanamuziki wakipiga pamoja, na mpiga ngoma huongeza kasi kila chemko, ile sehemu ya kuchangamka, linapokaribia. Kosa la pigo moja tu kwa dakika linatosha: ikifika sekunde ya 30 umeshapotea nusu pigo, na besi ya wimbo mmoja inaangukia katikati ya mapigo ya mwingine.

Ama irekebishe gridi kwa mkono, ukiweka alama upya kila baada ya mapigo 16 katika sehemu utakayoipiga, ama uzime SYNC, uvae hedifoni na kulisukuma gurudumu taratibu mara tu unaposikia mapigo yakianza kugongana.

Kinachonikera ni imani kwamba namba iliyo kwenye kioo ndiyo kasi ya muziki. Hayo ni makadirio. Singeli ya mapigo 220 kwa dakika nimeiona ikiandikwa 110. Waliojifunzia Technics SL-1200MK2, mashine ya kuchezea santuri iliyotoka mwaka 1979, walikuwa na kitelezi cha kubadili kasi kwa asilimia 8 juu na chini, bila kioo chochote, na ndiyo maana waliusikia mgongano kabla haujawafikia wachezaji. Leo wapo wanaouza mafunzo ya udijei ya siku tatu, pamoja na flashi za maelfu ya nyimbo “zilizokwisha kupangiwa gridi”, wakati gridi zenyewe zimechorwa na mashine na hakuna aliyezisikiliza. Kijana hutoka hapo na cheti. Siku ya harusi wazee wanaomba wimbo wao, ukumbi mzima unainuka, naye anakodolea macho namba mbili zinazofanana huku miguu ya watu ikisita.