Kaakaa lililopasuka: kwa nini umeambiwa usubiri

Dada wa Bahi, umeuliza kwa nini mwanao wa miezi 4, mwenye kaakaa (paa la mdomo) lililopasuka na maziwa yanayotokea puani, hajafanyiwa upasuaji. Kuambiwa usubiri si kupuuzwa. Mdomo sungura, yaani mdomo wa juu uliopasuka, hushonwa kuanzia miezi 3 hivi. Kaakaa husubiri miezi 9 hadi 18, mtoto awe na uzito na damu ya kutosha kuhimili usingizi wa dawa, ila kabla maneno hayajakolea.

Daktari hazibi tundu tu. Anashona tabaka tatu: utando wa upande wa pua, misuli, kisha utando wa upande wa mdomo. Misuli ndiyo kazi yenyewe. Isipounganishwa vizuri katikati, mtoto ataendelea kuongelea puani hata kama kaakaa limefunga.

Maziwa hutokea puani kwa sababu kaakaa liko wazi, na mtoto hawezi kuvuta kwa kuwa hewa inapita juu. Kamua, mkalishe wima, mnyweshe kwa kikombe kidogo cha kahawa, taratibu, ukimcheulisha kila baada ya muda mfupi. Hesabu ni ml 150 kwa kilo kwa siku: akiwa na kilo 5 ni ml 750, yaani kama ml 90 mara 8. Masikio pia yakaguliwe, kwani watoto hawa hujaa majimaji masikioni na kusikia hafifu.

Baada ya upasuaji, wiki 3 ni uji mwepesi wa ulezi uliochujwa, na kila akimaliza kunywa, maji ya kusuuza mdomo. Karanga na bisi marufuku, kijiko na vidole visiingie ndani. Mshono ukivutwa au ukioza, hubaki kitundu kinachovujisha uji puani, na kukirudia ni kugumu kuliko mara ya kwanza.