Kaka anampiga wifi yangu, naye ananiomba niwe shahidi

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 34, naishi Morogoro na mama yangu. Kaka yangu alijenga nyumba yake kwenye kiwanja hicho hicho cha familia, yuko na mkewe na watoto wawili, wa miaka minane na minne. Kaka anampiga wifi. Zamani tulikuwa tunasikia kelele tu. Mwaka huu ameshanigongea mlango usiku mara tatu, na mara ya mwisho alikuwa na damu mdomoni na alama za vidole shingoni. Hospitali akasema ameteleza bafuni. Wazee wakakaa kikao: kaka akaambiwa aombe radhi na anunue doti mbili za kitenge, wifi akaambiwa ndoa ni subira. Kesho yake nikawakuta wanakunywa chai wanacheka. Nilikasirika sana, nikajiuliza labda anapenda. Sasa ameniuliza kwa siri: akienda polisi, nitasema nilichokiona? Mama kashahisi. Kaniambia nikimfunga mwanawe, nisije kumzika. Baba yetu marehemu naye alikuwa hivyo hivyo na mama alivumilia. Halafu kaka ndiye anayelipa ada za wadogo zetu. Nifanye nini?*
*— Wifi, Morogoro*

Marahaba mwanangu.

Sema ulichokiona. Akienda polisi, simama ueleze mlango uligongwa saa ngapi, damu ilikuwa wapi na shingo ilikuwaje. Najua ni kaka yako wa tumbo moja. Ndiyo maana neno lako litakuwa na uzito: hakuna atakayedai umetumwa na upande wa mke.

Lakini kabla ya polisi, kabla hata ya mama, nataka tuzungumzie hizo alama za vidole shingoni. Umeziandika harakaharaka, mimi zimenitisha kuliko damu ya mdomoni. Mtu aliyekabwa koo anaweza kuonekana mzima usiku huo, kisha saa au siku chache baadaye sauti ikakwaruza, kumeza kukawa shida, pumzi ikambana. Ikitokea tena aende hospitali hata kama ngozi haina alama yoyote, na amwambie daktari kwa maneno yaliyonyooka: "Nilikabwa." Tena watafiti waliochunguza mauaji ya wanawake mikononi mwa waume na wapenzi wao walikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa koo yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuuawa na mtu huyo huyo baadaye. Muulize wifi, mkiwa wawili tu: amewahi kukutishia kukuua? Amewahi kushika panga au kisu? Je, una mimba? Majibu hayo ndiyo yatakuambia kama mna wiki za kujipanga au hamna hata usiku mmoja.

Sasa hicho kikao. Wazee wetu nawaheshimu, nami pia nimefika umri wa kukalishwa kwenye mkeka wa usuluhishi. Ila mlichofanya pale ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Mtu aliyekaba koo amelipa vitenge. Aliyekabwa amepewa kazi ya kusubiri. Na usuluhishi una kasoro moja ambayo wazee hawaioni: unamtaka mwanamke aseme yote mbele ya mumewe, kisha arudi kulala naye chumba kimoja. Nani atasema yote? Kama mzee aliyetaja subira aliitaja kwa jina la dini, na kama nyinyi ni Waislamu, mkumbushe kwa adabu hadithi ya Bi Aisha iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba Mtume hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Akitaka ya serikali, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inaruhusu. Sheria hiyo ilikuwepo wakati baba yako anampiga mama yako.

Huko polisi kukoje? Kwenye vituo vingi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na wifi anaweza kuomba aongee na askari wa kike. Atafungua taarifa, apewe namba ya RB, yaani namba ya taarifa yake kwenye kitabu cha polisi, aitunze. Atapewa fomu ya PF3 aende nayo hospitali, daktari aijaze, irudi polisi. Akiwa ameumia vibaya aanze na matibabu, fomu ifuate. Baadhi ya hospitali zina Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja, kwa hiyo aulize kama kipo karibu. Tanzania Bara hatuna sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani kama wenzetu Kenya waliyoitunga mwaka 2015, kwa hiyo kesi kama hii hupita kwenye Kanuni ya Adhabu, mara nyingi kama shambulio la kudhuru mwili. Na usishangae mkikutana na askari wa kuwaambia "yamalizeni nyumbani." Msigombane naye. Ombeni kumwona mkuu wa kituo, au rudini na msaidizi wa kisheria. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hao wanatambuliwa rasmi na huduma yao ni bure. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwaelekeza walipo. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, nacho husaidia.

Lile la "niliteleza bafuni" limo kwenye faili la hospitali na litaulizwa. Asilikane. Aeleze kwamba alidanganya kwa sababu alikuwa anarudi nyumba ile ile usiku ule ule. Mahakimu si wageni wa jambo hilo. Hapo ndipo ushahidi wako unapoingia. Kesi nyingi za namna hii hufia njiani kwa sababu mlalamikaji amebaki peke yake, kila jioni anabembelezwa au anatishwa akaifute. Chukua daftari leo, uandike zile mara tatu zote: siku, saa, alivaa nini, alisema nini mlangoni, watoto walikuwa wapi. Usitie chumvi. Usilolishuhudia usiliandike kana kwamba ulikuwepo. Kama ulimpiga picha, usizipunguze wala kuzipamba.

Halafu kuna jambo ambalo wanaotaka kusaidia hulikosea mara nyingi, wakidhani hatari inakwisha mwanamke akiamua kuondoka. Hapo ndipo inapopanda, pale mume anapohisi mke anamtoka. Basi msitangaze. Usimkabili kaka yako ukiwa peke yako, na usimwambie hata neno moja alilokuambia wifi, maana usiku wifi ndiye atakayelilipia. Na mlango wako, mwanangu, kwa wema wako wote, uko hatua chache kutoka kwa kaka yako. Hapo si pa kujificha. Tafuteni mtu nje ya ukoo, mfanyakazi mwenzake au mwanakikundi mwenzake wa vikoba, ambaye kaka hajui kwake. Huko ndiko kikae kifurushi: kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na kadi ya kliniki ya mdogo, kadi ya bima kama wanayo, nauli, nguo za watoto. Kama vyeti vikiondoka vitaonekana vimepungua kabatini, basi picha za hivyo vyeti zitoshe kwa sasa. Abadilishe namba ya siri ya pesa za simu. Mkubaliane neno la kawaida kabisa la kutuma kwenye meseji, "una chumvi?" kwa mfano, nawe ukiliona ujue la kufanya na nani wa kumpigia.

Watoto nao wasisahaulike. Wa miaka minane anasikia kila kitu, na wa minne pia. Simu 116 ya huduma kwa mtoto ni bure.

Umeniuliza kama anapenda. Hapana. Umeona chai na kicheko asubuhi, hukuona hesabu anazopiga kichwani: watoto watakula nini, kodi italipwa na nani, kwao watampokea au watamrudisha na barua ya kuomba radhi, na je, safari hii mume si amebadilika kweli? Wengi huondoka na kurudi zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka moja kwa moja, na wengine wanataka kipigo kiishe tu, ndoa ibaki. Hajakuambia anataka talaka. Usimtafutie. Kila ukimwambia "ukirudi tena usinigongee," unamfanyia kazi kaka yako, kwa sababu anayepiga hupenda mke asiye na pa kwenda. Mwambie unamwamini, kwamba kosa si lake, na akirudi mlango bado uko wazi.

Siku akitaka talaka, njia yake ni nyingine na ya kesi ya kipigo ni nyingine. Ya talaka hupitia kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Waislamu wengi huenda la BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu wa Tanzania. Likishindwa kusuluhisha hutoa hati ya kwenda mahakamani, ingawa kwa mazingira ya pekee mahakama inaweza kuendelea bila baraza. Asiogope kwamba atatoka na godoro tu kwa kuwa "hakuwa na kazi." Tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabika kama mchango kwenye mali ya ndoa. Lakini nyumba yao iko kwenye kiwanja cha familia, na hapo pana ubishi, kwa hiyo amwone mwanasheria mapema. Kuhusu mtoto aliye chini ya miaka saba, sheria huanza kwa kudhani ni heri akae na mama, hadi ithibitishwe vingine.

Tufike kwa mama yako, ambaye nimemwacha mwisho kwa sababu ndiye mgumu. Hamtetei mwanawe tu. Ukisema kipigo cha wifi ni kosa, unakuwa umesema kwamba na miaka yake yeye ilikuwa kosa, na kwamba kuna mtu angeweza kumsaidia hakumsaidia. Hilo zito kulimeza katika umri wake. Usiende kwake na vifungu vya sheria. Kaa naye jikoni siku kaka hayupo, umuulize, "Mama, usiku ule baba alipokuwa anakupiga, ulitamani nani aje?" Kisha unyamaze. Anaweza kulia, anaweza kukufukuza. Akikufukuza ondoka kwa heshima, wala usimjibu hilo la mazishi. Watu husema makali kuliko wanavyokusudia. Ila ridhaa yake usiifanye sharti. Wifi hawezi kusubiri mpaka mama akubali.

Kuhusu ada, sitakudanganya: kaka akiwekwa ndani, hata kwa siku chache, nyumba itayumba. Kaeni wewe na wadogo zako mnaoaminiana mpige hesabu mapema, bila kusema kwa nini, nani anaweza kubeba nini kwa muhula mmoja. Shule nyingi hukubali kulipwa kwa awamu ukienda kuongea kabla ya kudaiwa.

Majina sikuyaweka hapa, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili msitambulike. Kama simu yako huwa inashikwa na mama au wapwa zako, hifadhi picha za wifi kwa yule mtu mtakayemchagua, kisha uifute barua uliyonitumia.

Shangazi