Chunusi hazitaki mkorogo, zinataka subira

Krimu inayotuliza chunusi ndani ya siku tatu ndiyo ya kuogopa. Mara nyingi ina steroidi kali, yaani dawa za kushusha uvimbe, kama klobetasoli au betamethasoni, ambazo ndizo zimo kwenye mikorogo mingi. Uvimbe hunywea upesi, lakini ngozi hukonda, na baada ya wiki chache uso hujaa vipele vidogo vinavyofanana. Ukiiacha vinazidi, kwa hiyo mtu hurudia kopo lilelile.

Chunusi huanzia ndani ya kitundu cha unywele. Homoni za kiume, ambazo hata wanawake wanazo, huchochea mafuta. Seli zilizokufa huziba mlango. Bakteria waliomo huzaliana, na mwili hujibu kwa uvimbe na usaha. Vile vidoa vyeusi vya puani si uchafu, ni melanini (rangi ya ngozi) na mafuta yaliyokutana na hewa. Dodoki, ndimu na dawa ya meno huchubua tu. Chunusi zikitoka kwenye paji la uso peke yake, chunguza kwanza mafuta ya nywele.

Asubuhi nawa kwa sabuni isiyo kali, uso ukauke, kisha paka benzoili peroksaidi, dawa inayoua bakteria wa chunusi, ya asilimia 2.5 au 5. Ya asilimia 10 haiponyi zaidi, inawasha zaidi. Paka eneo lote linalotoa chunusi, si kipele kimoja kimoja, na tumia taulo na foronya nyeupe kwa sababu dawa hii hupausha vitambaa. Ngozi ikizoea, ongeza adapalini, dawa ya kuzibua vitundu, ya asilimia 0.1 usiku: kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, siku moja upake, moja uruke. Mjamzito asitumie adapalini, asidi ya azelaiki inamfaa. Mwanzoni ngozi hukauka na kubanduka, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, ilhali nafuu huja kati ya wiki ya 8 na ya 12.

Usiziminye. Kwenye ngozi nyeusi doa hukaa miezi mingi, na jua hulikoleza.

Vinundu vikubwa vyenye maumivu, makovu, au hedhi inayoruka pamoja na ndevu kwa msichana, ni vya daktari. Doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, usijinunulie: kwa kawaida haipiti miezi 3, na huambatana na benzoili peroksaidi ili bakteria wasiwe sugu. Isotretinoini, dawa ya kumeza ya chunusi kali, huharibu mimba changa, hivyo mwanamke hupimwa mimba kabla ya kuanza na hujikinga mpaka mwezi mmoja baada ya kumaliza.